Wadudu wa Kijivu Kwenye Kunde

Shambani, 9 Februari

Baba Kifaranga,

Natumaini barua hii imekukuta umeshakula, maana wewe ukiwa na njaa husomi, unaruka mistari. Dereva wa lori la makreti amekubali kuwa tarishi wetu, kwa kuwa huko kambini simu haishiki na huku ikishika inakata neno katikati. Amesema usimzoee sana, yeye ni dereva tu.

Mtoto mzima. Ameota jino jingine na analijaribia kwangu mimi mamaye. Nikamwuliza, wewe Kifaranga, umeona wapi kifaranga mwenye meno? Akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Sasa nisikilize, na usikasirike kabla hujafika mwisho. Pampu yako ya mgongoni nimeipandisha darini. Msimu huu sipigi dawa. Kila nilipopiga, hata nioge na kurudia kuoga, mtoto akija kunyonya ananusa shingo yangu na kugeuza uso. Mtoto wa kunyonya akimgeuzia mama yake uso, hiyo ni habari.

Nimeongea na bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo anayepita na pikipiki. Kasema nisilime hadi ukingoni, niache ukanda wa majani na maua ya porini uzunguke kunde zote. Humo ndimo wanamokaa buibui na nyigu na wadudu wengine wanaokula wale wanaotumalizia mazao. Tukipiga dawa wanakufa wote, halafu wabaya ndio wanaowahi kurudi. Akaniambia, "Lakini msimu wa kwanza utanitukana." Nikamjibu sina nguvu za kutukana mtu, nina mtoto.

Jirani wa ng'ambo ya mfereji kashauona ule ukanda. "Mama Kifaranga, umeanza kufuga nyoka?" Nikamwambia ndiyo, na wa kwanza nimempa jina lako.

Tulivyokubaliana sijasahau. Mkataba wako unaisha mwezi wa tano. Kunde zikijaza, husaini mwingine, unarudi tulime pamoja. Kwa hiyo hizi kunde nazilea kama mtoto wa pili.

Mimi wako,
Mama Kifaranga

*

Kambini, 24 Februari

Mama Kifaranga, mke wangu,

Nilikuwa nimekula, na sikuruka mstari hata mmoja. Nimesoma kwa sauti chumbani, wenzangu wakacheka habari ya meno. Mrefu, yule anayelala kitanda cha juu yangu, anasema mtoto huyo atakuja kuwa mwanasheria. Mrefu ndiye mwenzangu wa karibu hapa. Ni mrefu hivi kwamba akilala miguu inatokeza nje ya kitanda, na sisi tunaitundikia taulo zetu.

Habari ya pampu imenichoma kidogo, siwezi kukuficha. Mimi huku nalala na dawa naamka na dawa. Ovaroli zetu zinaning'inia kwenye misumari juu ya vichwa vyetu, asubuhi navaa kazi kabla sijanawa uso. Halafu mke wangu ananiandikia kwamba kitu kinachotulisha ni adui wa mtoto. Lakini shamba uko nalo wewe, na mtoto uko naye wewe. Ukisema darini, ni darini.

Kazi inaenda. Mashamba ya huku ni kabichi mpaka macho yanachoka, mstari kwa mstari, hakuna hata jani moja la porini. Hata kipepeo akipita tunasimama kumtazama kama mgeni wa heshima. Kichwa kinauma jioni, nadhani ni jua.

Mbusu Kifaranga, ila tahadhari na meno.

Mumeo,
Baba Kifaranga

*

Shambani, 20 Machi

Baba Kifaranga,

Tuliambiana tusifichane, basi sikufichi. Kunde zinaliwa.

Vidukari wameingia. Wameganda kwenye shina na chini ya maua kama unga mweusi uliomwagiwa maji. Majani yananata kama yamemwagikiwa soda, sisimizi wanapanda na kushuka. Ncha zimejikunja. Nimemwagia maji ya sabuni, wamepungua kidogo, kesho yake wamerudi na ukoo mzima. Kwa jirani aliyepiga dawa kunde zimesimama, na yeye husimama katikati yake akipita mtu, ili aonekane.

Na kuna wengine siwajui kabisa. Wa kijivu, warefu kidogo, mgongo una miba miba na madoa ya rangi ya chungwa, miguu mbele tu kama mamba aliyekatwa mkia. Wabaya wa sura, we acha. Wanakimbia katikati ya vidukari kama wenye shughuli. Nikasema haya, hawa ndio mama wa balaa. Kila asubuhi namfunga mtoto mgongoni, napita mstari kwa mstari nawaponda kwa vidole. Vidole vimekuwa vya njano. Mtoto anasinzia, mimi naponda.

Wewe kazi yako ni wadudu. Hawa ni nani? Nimwite bibi shamba au niendelee? Pikipiki yake imeharibika, kufika kwake ni mguu na siku nzima, na mimi na mtoto huyu mgongoni nikienda sirudi na kiuno.

Nimechoka, mume wangu. Siyo kukulalamikia. Ni habari tu.

Mama Kifaranga

*

Kambini, 31 Machi

Mke wangu,

Nimesoma, nikampa Mrefu asome, tukamwuliza na nyapara. Kusema kweli huku wadudu hatuwatazami usoni. Chenye miguu kinapigwa, na tukipita tena kimelala chali. Nyapara alipewa maelezo yako ya mamba asiye na mkia, akasema mdudu wa sura hiyo hawezi kuwa na wema. Mrefu akasema hata yeye ana sura mbaya lakini ana wema. Tukacheka. Mwisho tumekubaliana: waponde wote, usibakize.

Hapana haja ya kutembea siku nzima kwa bibi shamba. Pumzisha kiuno.

Kunde zikishindwa zisikuvunje moyo. Wewe umefanya yako, mimi huku nitafanya mpango wangu. Usiulize mpango gani, mwanamume akipanga asiulizwe kila kitu. (Natania. Lakini usiulize.)

Nimempa dereva ovaroli yangu ya zamani. Imechanika begani pale mkanda wa pampu unapokaa. Nitilie kiraka, nirudishie lori likija tena. Sindano yako ni nzuri kuliko ya yeyote huku.

Kichwa kile kingalipo, na mate yananijaa mdomoni kama mtu anayeona ndimu. Labda ni maji ya huku.

Baba Kifaranga

*

Shambani, 22 Aprili

Baba Kifaranga,

Kunde nimevuna. Kikapu kimoja hakikujaa. Nyingine zilikauka maua yakiwa bado juu. Jirani alikuja kunisaidia kuvuna, hakusema kitu, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma. Ni bora angeniuliza habari za nyoka.

Lakini siyo hilo lililonikalisha chini kuandika. Nina mawili, na yote mazito.

La kwanza. Bibi shamba amefika, pikipiki imepona. Nilimwonyesha mmoja wa wale wa kijivu aliyebaki, nikiwa tayari nimemshika kumponda. Akanidaka mkono. Mume wangu, unawajua wale wadudu wekundu wa mviringo, wenye madoa meusi mgongoni, ambao watoto huwaweka kiganjani? Wale wa kijivu ni watoto wao. Wanazaliwa hivyo, wabaya, halafu wanajifunga kwenye jani na kutoka wekundu. Na chakula chao ni vidukari. Mmoja anakula siku nzima. Walikuwa ndio kwanza wamefika. Kasema siku zote huchelewa, huja baada ya vidukari kuwa wengi, kwa sababu wakija mapema watakula nini? Alikuwa ameniambia nitamtukana msimu wa kwanza, lakini hakuniambia watoto wao wana sura gani. Amejilaumu. Nikamwambia tugawane.

Kwa hiyo nilikuwa naamka mapema, nimembeba mwanangu mgongoni, naua watoto wa watu waliokuja kunisaidia. Na wewe huko ulisema nisibakize. Siyo kosa lako. Tulikuwa wajinga wawili wanaopendana.

La pili ni ovaroli. Niliifua kabla ya kushona, kwenye beseni, maji nikayamwaga ukingoni, kwenye ule ukanda wa majani. Kesho yake nikapita pale. Hakuna kilichoruka. Utando wa buibui upo, mwenyewe ananing'inia amejikunja. Nyigu chini. Mbawakawa miguu juu. Majani yenyewe mabichi kabisa, lakini kimya. Ukitoka pale hatua chache, uhai unaendelea.

Yale ni maji ya kufulia, Baba Kifaranga. Ni nguo uliyosema ya zamani. Sasa wewe uliyeivaa? Unayelala nayo juu ya kichwa? Nimekumbuka kichwa kinachouma. Nimekumbuka mate.

Ovaroli sikurudishii. Nimeizika mbali na kisima. Mwezi wa tano njoo, kunde zilivyo hivyo hivyo. Tutakula tutakachopata. Mpango wowote uliopanga, panga kurudi.

Mke wako, na siyo ombi,
Mama Kifaranga

*

Kambini, 5 Mei

Mke wangu mpenzi,

Barua yako imefika. Pole kwa kunde. Pole kwa wale watoto wa kijivu, nimecheka halafu nikaacha kucheka.

Mama Kifaranga, nimeshasaini. Nilisaini siku ile ile niliyosoma barua ya vidukari, kabla sijakujibu. Nilijua shamba limekwenda, nikasema mtoto hatanyonya maneno. Ndio ulikuwa mpango niliokwambia usiulize. Mpaka mwezi wa kumi. Ukiondoka katikati huna haki ya kitu, ndivyo ilivyoandikwa.

Habari ya ovaroli usiikuze. Tumepewa nyingine, na barakoa. Sina tatizo.

Utaona mwandiko si wangu. Mrefu ananiandikia, mimi natamka. Mpini wa pampu ulinigonga kiganja, si jambo.

Mtoto anasemaje sasa? Anatembea? Mtoto anatembea?

Baba Kifaranga

*

Shambani, 30 Mei

Baba Kifaranga,

Kwanza nilikaa na barua yako mapajani mpaka uji ukaungua. Halafu nikapika mwingine, kwa sababu mtoto hajui mkataba.

Kwa hiyo barua yangu ndiyo iliyokusainisha. Ningekudanganya kwamba kunde ni nzima, mwezi huu ungekuwa unalalamika kitanda chetu kinalia. Nilitaka tusifichane. Sikulaumu, na mimi sijilaumu mbele yako. Nitajilaumu nikiwa nafua.

Mtoto anatembea. Anaanguka na kuinuka akijipigia makofi.

Sasa sehemu hii si yako. Mrefu, shemeji yangu nisiyekujua, kama ni wewe unayesoma kwa sauti, naomba ukohoe hapa uruke mpaka chini. Najua mpini wa pampu ulivyo. Mpini haumfanyi mtu aulize jambo moja mara mbili katika mstari mmoja. Umeandika alichotamka kama alivyotamka, nakushukuru, hukumrekebisha. Niambie ukweli. Nitumie peke yangu, mpe dereva mkononi.

Haya, umefika chini, endelea kusoma.

Mume wangu, nimepanda tena. Ukanda wa ukingoni nimeuacha mpana zaidi, jirani amesema sasa si nyoka tu, nategemea simba. Na pale nilipomwaga maji ya ovaroli nimeona buibui mmoja mdogo ameanza kufunga uzi. Amehamia kutoka upande wa pili. Nilimkalia nikamtazama mpaka Kifaranga akanivuta nguo.

Wako,
Mama Kifaranga

*

Kambini, 21 Juni

Shemeji, salaam.

Ni mimi Mrefu. Nilikohoa kama ulivyosema. Akaniuliza, "Vipi, nawe umeanza?" Nikasema vumbi.

Si mwandishi mzuri, nitasema ilivyo.

Mikono inatetemeka. Kikombe hakishiki, tunamjazia nusu. Miguu imekuwa mizito, anaikokota. Macho asubuhi yana ukungu. Walimtoa kwenye kupiga dawa wakampeleka banda la kufungashia, afagie. Mhudumu wa zahanati ya hapa anasema uchovu, anampa vidonge vya kichwa. Alifagia siku moja sehemu ile ile toka asubuhi mpaka kengele ya chakula. Nyapara alitaka kumfokea, wenzetu wakamzuia.

Barua zako ananiomba nisome kila jioni. Nikimaliza anasema, "Hii imekuja lini?" Nasema leo. Siku zote nasema leo. Anafurahi.

Alinikataza nisikuambie. Anasema ukijua utakuja huku na mtoto, na huku mtoto asifike. Hilo la mwisho nakubaliana naye. Usije. Mwite.

Lakini ukimwita kwa sababu anaumwa hatakuja. Ana kichwa kigumu, wewe unamjua kuliko mimi. Atasema amalize mkataba. Tafuta njia nyingine.

Mimi mzima, nashukuru.

Mrefu

*

Shambani, 10 Julai

Baba Kifaranga, mume wangu,

Kaa vizuri usikie. Wamekuja!

Nilikuwa kwenye mstari wa mwisho, nikaona vidukari wameanza tena kwenye ncha. Nikasema Mungu wangu, si tena. Nikainama. Nikamwona wa kijivu. Nikamwona mwingine. Mikono nimeiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari. Nimekwenda kila asubuhi kuwachungulia, nawaamkia. Wamewala vidukari, shina moja baada ya jingine, wakaacha maganda yao matupu. Wiki hii ukanda wote una wale wekundu. Kifaranga anao kiganjani, anawapulizia waruke. Na nyigu nao, wale wembamba wanaobeba viwavi, wamejenga chini ya dirisha letu, sijawafukuza. Jirani kaja kutazama, kasimama muda mrefu, kaniuliza, "Hao nyoka wako unawalisha nini?" Nadhani anataka mbegu ya majani.

Kunde zina maua mpaka chini. Siyo kama mwezi wa tatu. Siyo kukufurahisha, njoo uhesabu mwenyewe.

Na ndio maana naandika. Mzigo huu siuwezi peke yangu. Mgongo umekataa. Mtoto sasa anakimbia, nikishika kunde namwachia, nikimshika naachia kunde. Nahitaji mwanamume wa kukaa nami hapa, wa kuvuna na kupukuchua. Sihitaji haki ya mkataba, nahitaji mikono. Usiponijia nitavuna nusu na nusu nitawaachia ndege.

Sikuombi kwa sababu nyingine yoyote. Mkeo amechoka, basi. Njoo unisaidie.

Mama Kifaranga

*

Kambini

Mama Kifaranga

Nimeandika mwenyewe. Mrefu ameshika karatasi tu.

Naja kukusaidia. Dereva amekubali. Usije njiani nikupate nyumbani.

Nikipita mlangoni bila kuingia niite.

*

Kambini, 15 Septemba

Shemeji,

Nasubiri habari yako. Dereva anasema alimshusha mlangoni kwako na ulimshika mkono ukamwingiza ndani, hakuona zaidi. Kitanda chake amepewa mtu mwingine. Anakoroma, lakini si kwa ufundi wa mumeo.

Naomba uniambie ukweli kama mimi nilivyokuambia. Anaendeleaje? Ameanza kupona akiwa kwenye hewa safi? Huku wanasema mtu akipumzika nyumbani inaisha yenyewe, na kuna mmoja anadai binamu yake alipona. Nauliza kwa sababu vidole vyangu vya mkono wa kulia vimeanza kufa ganzi asubuhi. Si sana. Na wiki ijayo wanaleta karatasi za msimu mpya, nyapara ameshaniandalia kalamu.

Kunde mlivuna?

Shemeji yako,
Mrefu

*

Shambani, 1 Oktoba

Shemeji Mrefu,

Nimechelewa kukujibu. Siyo kazi, ingawa kazi ipo. Nilikuwa najiuliza nikuandikie nini. Machi niliandika ukweli, mume wangu akasaini. Julai nilimficha ninachojua, akaja. Kwa hiyo niliogopa kalamu. Lakini wewe hukunificha, na sitaki kukaa na habari ya vidole vyako kimya.

Kunde tulivuna. Hazijawahi kuwa hivi, hata enzi za mama mkwe wangu. Sakafu ya chumba cha mbele yote ilikuwa kunde, tunapita ukutani. Bibi shamba alileta watu kuja kutazama ukingo wetu, wakaandika andika, na jirani ndiye aliyekuwa anawaeleza, kama shamba ni lake. Nilimwachia. Msimu huu hata yeye hakupiga dawa.

Sasa mwenye shamba.

Mwili umepata nafuu kidogo. Nilimpeleka hospitali ya mjini. Daktari alimgonga magoti, akamtazama macho, akamwuliza kazi yake, akaacha kuandika. Alisema mate yameacha na kichwa kitapungua. Mikono itatetemeka. Miguu labda, kwa mazoezi. Nikamwuliza na kumbukumbu? Akasema angekuja mapema. Hakusema kwa ubaya.

Ananijua. Hilo namshukuru Mungu. Mtoto alimwogopa mwanzoni, kwa sababu ya mikono ile, akawa anajificha nyuma ya sketi yangu. Sasa amemzoea. Wanakaa wote chini wanapukuchua, kunde nyingi zinarukia sakafuni, na Kifaranga anazifuata kwa magoti anazirudisha kwenye ungo, anafikiri baba yake anacheza naye. Baba yake akimwona anacheka, naye anacheka. Nikiwatazama kwa nyuma naweza kudhani hakuna kitu.

Sijamwambia kwamba nilijua. Anaamini alikuja kunisaidia. Jioni huniuliza, "Mgongo wako vipi?" Nasema afadhali, tangu umekuja. Uongo huo naubeba mwenyewe, haunielemei.

Lakini wewe, shemeji, hapana. Kupumzika hakumalizi. Binamu wa huyo mtu sijui, mume wangu namjua. Vidole vikianza asubuhi ndivyo vilivyoanza vyake, amenieleza siku moja alipokuwa na akili safi, akanishika mkono akasema, "Mrefu naye alale chini, dawa inapanda juu." Sijui alimaanisha nini. Labda kitanda. Alikuwa anakuwaza.

Kalamu ya nyapara irudishe. Kama huna pa kwenda, hapa kuna ukuta wa jikoni unaotaka fundi mrefu na mistari ya kupalilia, na chakula kitakuwepo. Sikukaribishi kwa adabu, nakuita. Njoo na nguo ulizovaa, za kazi ziache hapo hapo kwenye msumari.

Umeniuliza anaendeleaje, sijamaliza. Kila asubuhi nikimpa chai, kikombe nusu kama ulivyonifundisha, anatazama nje kwenye shamba, ananiuliza kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie, "Mama Kifaranga, mkataba wangu unaisha lini?"

Namwambia, "Umeisha, Baba Kifaranga. Upo nyumbani."

Anashangaa. Macho yanamjaa machozi ya furaha, shemeji, kila siku kama ndiyo mara ya kwanza. Anasema, "Kwa hiyo kunde zilijaza?"

Nasema zilijaza.

Anakunywa chai yake. Kabla haijaisha, anauliza tena.

Shemeji yako,
Mama Kifaranga